Mstari wa Macho, Mstari wa Mashine

Kijiti cheusi kinachoonyesha unapochapa kilikuwa kikiwaka na kuzima kwenye skrini, nami nikikikodolea macho kama askari aliyemkamata mtu asiye na kitambulisho. Nilibonyeza mshale wa chini. Kikashuka mstari mmoja. Nikabonyeza tena, kikashuka mwingine, kwa adabu zote. Hadi Jumatano hakikuwa na adabu hiyo. Ukibonyeza mara moja kiliiruka aya nzima, nami nikitukana kimoyomoyo, na mara nyingine kwa sauti. Jumatano mchana kilipoanza kutii nilifurahi nisiulize. Sasa ilikuwa Jumatatu na nilikuwa nauliza.

"Kuna mtu amegusa mashine yangu," nilisema, japo chumbani nilikuwa peke yangu.

Na mtu huyo nilimjua. Meza ya dirishani alikaa wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Miaka minne yuko kwenye ukoo wetu na hajawahi kumsema mtu vibaya. Mimi mtu wa namna hiyo simwamini hata kidogo. Binadamu gani hana la kusema? Pale ofisini aliitwa Bi Kimya, jina nililompa mimi.

Kazi yetu ni kuchapa maelezo ya mashahidi kwa kamati inayochunguza malalamiko ya wagonjwa. Shahidi anasema, sisi tunachapa papo hapo. Jumatano asubuhi mfagiaji wa wodi alieleza jinsi muuguzi anayelalamikiwa alivyompigia daktari simu mara mbili na daktari asije. Nilichapa mwenyewe, kwa vidole hivi. Ijumaa kamati ilipofungua maelezo yale, aya hiyo haikuwepo. Na daktari huyo ni nani? Mjomba wake Bi Kimya, tumbo moja na mama yake!

Mfagiaji aliitwa tena, akarudia maneno yake, muuguzi akapona. Aliyebaki kikaangoni ni wifi. Mkuu wetu aliponiuliza ninamshuku nani, nilimjibu, "Mimi simtaji mtu. Ila mwenye mjomba ana mjomba." Kabla ya chai ya saa kumi ofisi nzima ilikuwa inajua. Mama alinipigia simu jioni.

"Mwanangu, una hakika?"

"Mama, kompyuta haijifuti yenyewe."

Mdogo wangu ndiye hakupokea simu yangu tena. Kikao cha kumfukuza mke wake kazi kilipangwa Jumatatu saa nane mchana, na mimi, kwa kuwa sipendi mambo nusunusu, nilimwita fundi wa kompyuta anitafutie ushahidi wa kukoleza.

Fundi alikaa kwenye kiti changu, akashusha miwani, akafungua kurasa nisizozijua.

"Kweli, mpangilio umebadilishwa," alisema. "Jumatano, saa saba na dakika kumi."

"Saa ya chakula! Nilijua mimi!" Nilipiga meza hadi kalamu zikaruka.

"Umejua nini, dada? Kilichobadilishwa ni mwendo wa mshale tu. Tazama. Kwa mashine, mstari hauishi mpaka ubonyeze kitufe cha kuanza mwingine. Wewe unachapa aya nzima bila kukigusa. Skrini haina nafasi ya kuyapanga maneno yote kwa upana, inayakunja ili uyaone. Unaona mistari minane, mashine inaujua mmoja. Mshale wako ulikuwa unafuata mstari wa mashine, ndiyo maana kijiti kiliruka. Sasa ameuambia ufuate mstari wa macho. Mtu huyu amekusaidia."

"Amenisaidia!" Niliguna. Kisha nikakumbuka kitu. "Na ile amri ya kufuta mstari, nayo inafuata macho?"

"Hiyo haikuguswa. Hiyo bado ni ya mashine."

Mimi kuchapa nilijifunzia kwenye taipureta. Mstari ukikaribia kwisha kengele inalia, unasukuma gari la karatasi kwa mkono, unaanza mwingine. Mstari ulikuwa mstari, haukuwa na siri. Na Jumatano, karibu na saa ya kutoka, mkuu alichungulia mlangoni akaniambia nifute pale nilipoandika kwamba shahidi aliomba maji akanywa, kwani huo si ushahidi. Maneno hayo yalijaa mstari wa nne wa aya ile ya mfagiaji, peke yake. Nilishuka hadi hapo, nikatoa amri ya kufuta, nikachukua mkoba wangu. Sikutazama nyuma.

Fundi alipoondoka nilifungua ukurasa mtupu, nikachapa upuuzi wowote hadi ukajaa mistari mitano. Nikashuka hadi wa tatu, nikafuta. Yote mitano ikaondoka kwa mpigo. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe, na katikati ya aibu hiyo, Mungu anisamehe, nilikuwa bado natafuta pa kumbana wifi. Kwa nini abadilishe bila kuniambia?

Saa saba aliingia kukusanya vitu vyake. Alifungua droo, akatoa kikombe, sweta na picha ya mtoto wao.

"Wifi," nilisema, "ni wewe uliyebadilisha mwendo wa mshale?"

"Ni mimi. Ulikuwa unalalamika kila siku." Hakuinua uso. "Nikaona nikikwambia, utauliza nina nia gani."

Angekuwa amenitukana ningejua pa kushika.

"Ile aya niliifuta mimi. Sikukusudia. Nilidhani nafuta mstari mmoja. Njoo nikuonyeshe."

Sikuona chozi wala furaha. Alinitazama kuanzia nywele hadi viatu, taratibu, akitafuta nilichokificha, vilevile ninavyomtazama mimi kila akija nyumbani na zawadi.

"Umeshamwambia mkuu?"

"Bado. Nilitaka nikwambie wewe kwanza."

"Kwa nini mimi kwanza?"

Niligeuza skrini imwelekee. Yeye alikunja sweta, mkono mmoja juu ya mwingine, akailaza juu ya picha.

"Nenda kamwambie," alisema. "Mimi utaniambia ukirudi."