Kadi ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani aliweka kadi yake ya maktaba mezani, akaisogeza kwa kidole mpaka mbele ya mkutubi.

"Pokea, mwanangu. Naona mimi na maktaba tumefika mwisho."

Mkutubi alihisi kama amepigwa kofi. Kwa miaka kumi na mmoja mzee huyu alikuja kila Jumatano, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akachukua kitabu alichochaguliwa na mkutubi mwenyewe, na wiki iliyofuata akakirudisha na kusema, "Kizuri." Wengine walifuata kivuli na viti tu. Huyu ndiye aliyekuwa fahari yake. Mkutubi alijigamba kwa yeyote mwenye masikio kwamba yeye humtazama mtu mara moja tu akakijua kitabu chake, na shahidi wake mkuu alikuwa fundi.

"Nipe wiki moja, baba. Nikikosa cha kukupa, nitaipokea."

Mzee alikuna kidevu, akairudisha kadi mfukoni.

Nyumbani, wifi yake, ambaye hata kula alikula na simu mkononi, alimcheka. "Wifi, unajitesa bure. Mtandaoni kuna zana za kupendekeza vitabu. Unaziambia msomaji wako alipenda nini, zinakutafutia vingine."

Kesho yake, kabla wasomaji hawajaingia, mkutubi aliwasha kompyuta. Zana ya kwanza ilitaka vitabu vitatu alivyovipenda msomaji. Akafungua daftari la kuazimisha vitabu, akachagua kile cha mjane anayefungua duka, kile cha dada wawili wasiosemezana, na kile cha mke anayeandika barua asizozituma. Zana ikamletea hadithi ya mama anayefungasha virago na kwenda kuishi peke yake kwenye nyumba yenye bustani. Mkutubi akaguna. Yeye angekisoma siku hiyo hiyo. Lakini fundi?

Zana ya pili ilikuwa na mdomo. Baada ya maswali kumi ikaandika kwamba msomaji huyu huenda ni mwanamke wa makamo, mwenye majukumu mengi, anayetamani kusikilizwa. Mkutubi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Maneno yalikuwa yale yale. Akaandika: Ni mwanamume. Ana miaka sabini. Anashona suruali. Zana ikaomba radhi kwa adabu zote, kisha ikapendekeza riwaya ya mwanamke wa makamo anayejifunza kushona.

Kufikia zana ya tatu alikuwa hajui mbele wala nyuma. Alitoa vitabu hivi akaweka vile, akafuta, akaanza upya, na kila mara wakatokea wake waliochoka na mabinti walioondoka. Jumanne jioni alikuwa na orodha ya vitabu kumi na tisa. Alivitamani vyote, na hakuweza kumwona fundi akiwa na hata kimoja mkononi.

Wifi aliinyakua ile karatasi. "Mbona hii orodha ni wewe mtupu?"

"Ni ya fundi."

"Haya. Mwamba ngoma huvutia kwake." Akacheka mpaka akapaliwa. Mkutubi alimpokonya karatasi yake na hakusema naye tena jioni ile.

Jumatano fundi alikuja saa yake ileile.

"Baba, nimechanganyikiwa," mkutubi alisema. "Mashine zote zinasema wewe ni mwanamke."

Mzee alicheka kidogo. "Nikikwambia ukweli utakasirika?"

"Sikasiriki."

"Vile vitabu sikupenda hata kimoja."

"Hata kimoja?"

"Kile cha dada wawili nilikivumilia." Akavuta kiti, akaketi. "Siku ya kwanza nilikuja kuulizia kitabu cha madaraja. Nilitaka kujua yanasimamaje. Kabla sijamaliza ukaniambia kitabu changu unacho, ukanisimulia robo saa nzima. Nilipokirudisha tukakizungumza tena. Nikaona huyu mtoto hana wa kumsimulia. Nikasema, kusoma hakuui."

"Na sasa?"

"Sasa daktari anasema macho yangu hayana muda mrefu. Muda huu uliobaki siwezi kuugawa, mwanangu."

Aibu ilimpanda mkutubi mpaka masikioni. Miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kumuuliza mzee wa watu anataka nini. Aliinuka, akaenda kwenye rafu ya chini kabisa karibu na dirisha, akarudi na kitabu kinene cha madaraja. Karatasi ya tarehe nyuma yake haikuwa na muhuri hata mmoja. Akaugonga wa kwanza. Kisha, kwa mazoea, akafungua mdomo amsimulie, akakuta hana la kusema.

"Hiki sijakisoma, baba."

"Afadhali," fundi alisema, akikitia kwapani. "Basi Jumatano nitakusimulia mimi."