Alikuwa na Vidole

"Ilikuwa damu tu," nesi alisema. "Shukuru Mungu, mama, bado kijana wewe."

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kusafishwa. Ndivyo wanavyoita, kusafishwa, kama sufuria. Mimba yangu ya miezi mitatu ilikuwa imetoka yenyewe asubuhi ile, na nesi huyo ndiye aliyeipokea kwenye bakuli la bati, akalifunika kitambaa, akaondoka nalo.

"Naomba mwanangu nikamzike."

Nesi akamtazama mama mkwe wangu, aliyekuwa akikunja shuka zetu. Mama mkwe akacheka cheko la aibu. "Dawa za usingizi hizo, sista. Zitamtoka."

Hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba. Wiki ile ile, nesi huyu huyu alitukusanya kliniki mbele ya picha ya ukutani, akawa anaigonga kwa rula. Mwanzo ni chembe moja. Inagawanyika, inagawanyika, inakuwa kitonge, kitonge kinajishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Moyo unaanza kudunda wakati mama mwenyewe bado anadhani siku zake zimechelewa tu. Vinachipuka vijikono, vijiguu, na kimkia ambacho baadaye kinapotea. Aliponifikia akanigusa tumbo. "Wa huyu viungo vyote vipo, kilichobaki ni kukua. Ni mtu huyo! Usije ukamnywesha pombe." Tukacheka wote.

"Sista," nikamwambia, "juzi alikuwa mtu. Amegeuka damu lini?"

"Mama, usinifundishe kazi."

"Si wewe uliyenifundisha? Ulisema vidole vimeshaachana. Kalete bakuli tuvihesabu, mimi na wewe."

"Taka za kuchoma zinakusanywa saa hizi."

Taka. Nikashuka kitandani.

"Utaanguka!" mama mkwe akanidaka mkono. "Na watu watasema nini? Unazika kitu hata jina hakina?"

"Watasema nimemzika mjukuu wako."

Akaniachia.

Bakuli lilikuwa chumba cha pili, kando ya sinki, karibu na ndoo ya taka. Nesi alinifuata mbio, mkono mbele anizuie, lakini nilikuwa nimeshafunua. Hakuzidi kidole gumba changu. Kichwa kikubwa, macho yamefumba, mikono kaikunja kifuani. Vidole vilikuwepo, vyembamba kama nyuzi, na nesi aliviona.

"Tuna utaratibu wetu," akasema, sauti imepungua.

"Utaratibu wenu ndio mkausafishe."

Mama mkwe akaja na khanga. Alikuwa analia sasa. "Mfiche basi ndani ya hii. Nje kuna foleni ya wajawazito."

Sikumficha. Nilimfunika kama anavyofunikwa maiti yeyote, nikamshika kwa mikono miwili mbele ya kifua, nikafungua mlango. Wanawake wakageuka, matumbo yao makubwa yameziba korido.

"Nipisheni," nikawaambia. "Nina msiba."