Nyumba Yenye Namba 417

Ndugu Melkiadi alikuwa na historia nyingi za maisha yake, na kila mkutano aliuchagulia moja. Kwenye kampeni ya uenyekiti wa kijiji cha Kambini, mwezi wa kumi na moja mwaka wa sabini na tano, alitoa ile kubwa kuliko zote: jinsi alivyopambana na mabepari wa mkonge.

"Walikuja hapa na malori yao kuwazoa vijana wetu kama magunia ya maharage! Na mimi nilikuwa wapi?" Akanyoosha mkono hewani. "Nilikuwa porini huko Manyovu, nawaficha vijana wasipelekwe!"

Watu wakapiga makofi. Kezia, mjane wa Nestori, aliyekaa mstari wa nyuma kabisa, naye akapiga. Alikumbuka vizuri sana Melkiadi alikuwa wapi. Alikuwa hatua hamsini tu kutoka pale alipokuwa anahutubia, nyuma ya meza, na kaptula nyeupe iliyopigwa pasi na soksi za kufika magotini, akiandika majina ya vijana na kuwagawia namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Alikuwa karani wa mabepari hao hao, tena karani hodari, mwenye mwandiko wa kupendeza.

Kambini kulikuwa na kazi moja tu enzi hizo, nayo ni kupeleka watu. Yale mabanda marefu kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, ambayo sasa moja ni ofisi ya Chama na jingine ghala la mbolea, yalilaza vijana wa Kiha mia mbili mia tatu kwa wakati, wakisubiri lori, kisha treni, kisha lori tena, mpaka kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Kengele ililia, uji ukapikwa kwenye mapipa, wenye maduka wakauza blanketi, na watu waliita mahali pale mji. Halafu wazungu wakagundua kamba za nailoni. Malori yakaacha kuja, kengele ikaibiwa, wenye maduka wakahamia Kasulu, na mji ukabaki na majani na popo. Ndipo Serikali ilipoupata tena mwaka wa sabini na nne, ikaona mabanda yapo, barabara ipo, ikasema hapa patafaa kijiji.

Nestori alikwenda mkonge mara tatu. Mara ya tatu alirudi na kifua kibovu na mabati kumi na mawili. Ili yasimpotee njiani, kila bati aliliandika kwa rangi nyeusi ile namba aliyopewa Kambini: 417. Jina hakuandika, kwa sababu huko alikotoka hakuna aliyekuwa analijua. Alimjengea Kezia nyumba ya bati kule mlimani, ya kwanza upande ule wote, akaishi ndani yake miaka minne, akafa anakohoa. Mvua ikinyesha Kezia aliisikiliza juu ya yale mabati akamsikia mumewe. Alimpenda, na hakuona sababu ya kuficha.

Siku ya Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, Melkiadi ndiye aliyekuja na daftari na mgambo. Alikwishakuwa katibu wa Chama wakati huo, na soksi ameziacha. Kezia alipewa muda wa kutoa vyungu na godoro. Nyumba za nyasi zilipigwa kiberiti moja kwa moja, sitini na tatu kwa siku mbili, watu wasije wakarudi. Ya Kezia ilitendewa kwa heshima: mabati yaliteremshwa kwanza, moja moja, misumari ikang'olewa polepole, na Melkiadi akawa anawaambia mgambo, "Taratibu, taratibu, hiyo ni mali ya umma." Kuta ndizo zilizobomolewa.

Kezia akaletwa Kambini na binti yake Rosa, akapewa kibanda cha nyasi kilichovuja hata kwa umande. Baada ya miezi sita mabati yalionekana. Yalikuwa juu ya nyumba ya Melkiadi, namba na kila kitu.

Alikwenda kudai mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa njoo kesho. Mara ya pili aliambiwa nyumba ile ni ya ofisi, yeye Melkiadi anailinda tu kwa kuishi ndani. Mara ya tatu alinyoosha kidole kwenye paa.

"Na namba ire, Ndugu Katibu?"

"Namba ya Serikali, mama. Mali ya umma lazima iwe na namba. Ukienda kisomo utaelewa."

Kezia akaenda kisomo. Alikaa kwenye benchi na wanawake wenzake jioni baada ya jioni, mkono mgumu wa jembe umeshika chaki, mpaka akaweza kusoma namba, halafu herufi, halafu kile kipande, kadi ya kazi ya marehemu, alichokuwa anakifunga kwenye pindo la kitenge. Humo alikuta mambo matatu. Namba 417. Jina la mumewe. Na chini, kwa mwandiko wa kupendeza wenye mikia, sahihi ya karani.

Basi uchaguzi ukaja. Katibu kata alikuwa ameona uchaguzi mkuu umetumia alama ya jembe na alama ya nyumba, naye hakutaka kijiji chake kionekane kimebaki nyuma. Akaagiza masanduku mawili, moja lichorwe jembe na jingine nyumba, kila mtu atumbukize kikaratasi chake panapomfurahisha. Kura ya alama ikapigwa. Pasikali, mkulima mpole asiyeweza kuhutubia hata mbuzi, akapata jembe. Melkiadi, aliyechoma nyumba sitini na tatu, akapata nyumba.

Hakuna aliyecheka mkutanoni. Walikwenda kuchekea kwenye pombe ya ndizi, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kuchora alipewa Sylvesta, fundi rangi. Melkiadi alimwambia achore nyumba nzuri, tena asitoe kichwani, achore ile ya kwake. Sylvesta alikuwa mtu mwaminifu, alichora anachokiona. Alichora mlango, akachora madirisha mawili, akachora bati, na kwenye bati akaandika 417. Kasoro yake ilikuwa moja. Mwalimu wa kisomo alimcheka siku moja mbele ya watu kwa kusema "kurara" badala ya "kulala", na tangu hapo aliapa hatakutwa tena na "r" mahali si pake. Kila alipoikuta aliifuta akaweka "l", kwa usalama. Chini ya picha akaandika kwa herufi kubwa: MPE KULA MELKIADI.

"Ara! Hajashiba?" mtu mmoja akauliza.

Melkiadi alifoka, akataka neno lile lifutwe palepale, likafutwa. Namba hakuiona. Alilala chini yake mwaka mzima hata macho yakaizoea.

Kezia aliiona. Alisimama mbele ya sanduku lile kwa muda mrefu, midomo ikitikisika, akisoma. Kuanzia siku iliyofuata akageuka mpiga debe. Alipita mlango kwa mlango, na Rosa nyuma yake, aibu tupu.

"Mama, unampigia debe mtu huyu?"

"Sijamtaja mtu. Nimesema waipe nyumba."

"Si ndiye huyo huyo?"

"Tutaona."

Pasikali alipomkuta njiani alimwuliza kwa unyonge, "Na mimi je, Mama Rosa?" Kezia akamwonea huruma kweli. Lakini alishapiga hesabu yake: mwenyekiti wangempata tu, huyu au mwingine wa mtindo ule ule. Bati lilikuwa halipatikani hata Kasulu.

Melkiadi aliposikia mjane anamfanyia kampeni alijawa na furaha. Aliwaambia watu hivi ndivyo mama mwenye siasa safi anavyokuwa, akaamuru siku ya matokeo aketishwe mbele, kwenye kiti, na aseme machache kwa niaba ya akina mama.

Siku hiyo alikuja mkubwa kutoka wilayani, mtu mnene mwenye haraka, aliyekwishanusa wali kutoka jikoni na kutazama huko kila mara. Nyumba ilishinda vibaya mno. Melkiadi akashukuru, akarudia ya Manyovu na porini, akaongeza Azimio la Arusha na viongozi wasiojilimbikizia mali. Mkubwa akapiga makofi. Kezia akaitwa.

"Uhuru!" akasema.

"Na kazi!" wakaitika.

"Mimi nashukuru. Tumepiga kura, nyumba imeshinda. Harafu nimekuja kuichukua."

Melkiadi akacheka kidogo, akatazama huku na huku kutafuta wa kucheka naye.

"Kuchukua nini, mama?" akauliza mkubwa.

"Nyumba. Kijiji kizima kimeichagua. Naomba unisomee namba iriyo kwenye sanduku."

Mkubwa akavaa miwani. "Mia nne kumi na saba."

"Ni namba ya Serikali, mheshimiwa," Melkiadi akadakia.

"Serikali gani?" mkubwa akauliza. "Wilayani hatuna bati lenye namba."

Kezia akafungua pindo, akatoa kipande, akakishika kwa mikono miwili kumpa. Mkubwa akasoma namba. Akasoma jina. Akafika kwenye sahihi, akainua macho, akamtazama Melkiadi, akarudi kwenye sahihi.

"Hapa imeandikwa karani wa kambi..."

Hapo Melkiadi, sifa yake apewe, alifikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri maishani. Mbele yake palikuwa na njia mbili: ama jina lile lisomwe kwa sauti, na Manyovu ife na porini kwake kote, ama mabati yaende. Akaruka juu.

"Mheshimiwa! Nilitaka iwe siri, lakini mama amenitangulia. Mabati haya nilikuwa namtunzia! Yasiibiwe! Mjane hana ulinzi!"

Mkubwa akanusa wali. Akakunja kipande.

"Mfano bora kabisa wa uongozi," akasema. "Basi mkabidhi leo, mbele yetu, halafu tule."

Makofi yaliyopigwa hayajawahi kusikika Kambini tangu siku za malori. Wanaume sita walikuwa tayari na ngazi, na hakuna aliyeuliza walijuaje kuja nayo. Wakateremsha bati moja moja, wakang'oa misumari polepole, na sauti moja kwenye kundi ikawa inasema, "Taratibu, taratibu, hiyo ni mali ya mtu." Mvua ilianza bati la tisa likiwa mikononi. Mwenyekiti mpya akahamishia godoro lake kwenye banda la manamba, nyuma ya mbolea, na ndiko alikoendeshea kijiji mpaka nyasi za kuezekea zilipoota upya. Nyingine zote zilichomwa kwenye Operesheni.

Kezia aliezekewa siku ya pili. Sylvesta alipanda mwisho na kopo la rangi, akauliza aifute namba, maana sasa haina kazi.

"Iache," Kezia akasema. "Andika jina rake hapo chini, kubwa."

Sylvesta akaandika kwa uangalifu, ulimi nje, akashuka, akasimama kando kusubiri sifa. Manyunyu yalikuwa yanaanza tena. Kezia akakinga macho kwa kiganja, akasoma herufi moja moja: N, E, S, T, O, L, I. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka.

"Mama Rosa, si ni zuri?"

"Mbona umeandika Nestoli? Mume wangu ariitwa Nestori," akasema, akamshikia ngazi. "Miaka yote hiyo arikuwa namba. Panda tena, uandike vizuri."