Tiki Tatu za Mikunjo

Katika chumba chetu cha kufulia, kumwekea mwenzako tiki hakujawahi kuitwa wizi. Mtoto wa mtu akiamka na homa, au mvua ikimkwamisha njiani, aliyewahi kufika huchukua kalamu, humwekea tiki kwenye daftari la mahudhurio, na kazi inaendelea. Nimefua mashuka ya hospitali miaka kumi na tisa, kumi ya mwisho nikiwa msimamizi wa zamu ya asubuhi na mwenye daftari. Sikumnyima mtu tiki hata siku moja. Nilijiona mtu mwema, na sikuona haja ya kuwaza zaidi ya hapo.

Kwa hiyo barua ya chanjo ilipobandikwa chini ya saa ya ukutani, haikunishtua. Ilisema kila anayegusa mashuka machafu achanjwe homa ya ini, sindano tatu: ya kwanza wiki hiyo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu baada ya miezi sita. Asiyechanjwa asikae kwenye meza ya kuchambulia. Meneja alitusomea yote kwa sauti, kana kwamba macho yetu yalikuwa ya mapambo, kisha akaongeza la kwake: nafasi nyingine hakuna, atakayetoka mezani ajue ametoka kazini.

Watu walinung'unika kidogo wakanyamaza. Aliyenyamaza tangu mwanzo ni Mikunjo.

Tulimwita hivyo kwa sababu mchana, mashuka yakishakauka, hakuna aliyeyakunja kama yeye, pembe juu ya pembe, utadhani yamekatwa kwa kisu. Ni mtu wa miraba minne. Anabeba robota la mashuka yaliyolowa begani huku anapiga mluzi. Lakini sindano anaiogopa kama kifo. Mkewe alipokwenda kliniki kupimwa damu, aliyeishia kulazwa kitandani na kupepewa ni yeye aliyemsindikiza. Tulimcheka mwaka mzima kwa jambo hilo, na mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Siku ya chanjo nesi alikuja na kisanduku chake cha baridi, akaketi kwenye chumba chetu cha chai. Yeye alichoma, mimi nilikaa mlangoni na daftari la chanjo. Kila aliyetoka amebana pamba kwenye mkono wa kushoto nilimwekea tiki. Mikunjo alikuja mlangoni, akachungulia ndani, akarudi nyuma hatua moja. Jasho lilikuwa limemtoka usoni kote.

"Dada," aliniambia, "niwekee."

Nilijua ana watoto wanne na hana kazi nyingine. Nikamwekea. Nesi alihesabu chupa zake, mimi nikahesabu watu wangu, na hakuna aliyelinganisha hesabu hizo. Mara ya pili aliinua nyusi tu. Mara ya tatu nilimwekea tiki kabla hata sijamtafuta yuko wapi.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja tulikuwa tunachambua mashuka ya wodi ya wanaume. Mtu fulani huko wodini alikuwa amesahau sindano ndani ya foronya. Mikunjo alishika foronya ile aikung'ute, sindano ikapenya glavu, ikaingia kwenye kiganja. Hakupiga kelele. Alivua glavu, akaitazama damu, akakaa chini sakafuni polepole. Mtu aliyeikimbia sindano mara tatu, ya nne ilimfuata mwenyewe mpaka mezani. Nilitaka kucheka, nikakuta siwezi.

Tulimwosha kiganja kwa sabuni na maji mengi, kisha nikamsindikiza kliniki na daftari la chanjo kwapani, kama utaratibu unavyotaka. Nesi alikuwa yule yule. Alieleza bila haraka. Kwa virusi vya Ukimwi angempa vidonge vya kumeza mwezi mzima, hivyo havitegemei daftari. Kwa homa ya ini, aliyekamilisha chanjo hahitaji kitu. Asiyechanjwa achomwe sindano mbili siku hiyo hiyo, moja ya chanjo na moja ya kinga ya haraka, maana kila saa inayopita inampunguzia kinga, na ini likishaharibika halina dobi wa kulisafisha.

Akafungua daftari. Kidole chake kilishuka mpaka kwenye mstari wa Mikunjo, kikahesabu tiki tatu.

"Umekamilisha," alisema. "Una bahati. Hapo huna wasiwasi."

Nilimtazama Mikunjo. Alijua kama nilivyojua. Neno moja tu lilihitajika, na halikuwa gumu kutamka. Lakini neno hilo lingenifukuzisha kazi mimi, na yeye alilielewa hilo kabla yangu. Alifunga kifungo cha shati akasimama.

"Ahsante, nesi," alisema. "Tunarudi kazini."

Niliogopa. Naweza kusema leo kwamba niliogopea maisha yake, lakini kwanza kabisa niliogopea kazi yangu. Alikuwa ameshafika mlangoni ndipo sauti ikanitoka.

"Hajachanjwa hata moja. Tiki zile ni zangu."

Mikunjo aligeuka. Akamwambia nesi asinisikilize, dada yake huyu amechanganyikiwa kwa kuona damu, yeye alichanjwa zote tatu. Aliongea kwa utulivu, uso mkavu. Kama si kumfahamu ningemwamini.

"Mkono gani?" nesi aliuliza.

"Wa kulia."

Chumba kizima cha kufulia kilichomwa mkono wa kushoto. Nesi alifunga daftari akaenda kwenye friji. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ilikuwa fupi kupita kiasi, na nilimpenda Mikunjo kwa kuijaribu.

Alichomwa sindano mbili, moja kila mkono. Alifumba macho, akaning'ang'ania vidole mpaka vikafa ganzi. Baadaye akafumbua jicho moja akauliza lini wataanza. Nesi akamwambia wamemaliza.

Kisha nesi akanisogezea daftari na kalamu nyekundu, akataka nimwonyeshe tiki nyingine za namna ile. Zilikuwa za watu wanne. Nilizizungushia zote, na jioni nilipeleka daftari kwa meneja mwenyewe, kabla hajaletewa na mwingine. Hakunifukuza. Alininyang'anya usimamizi, akanirudisha meza ya kuchambulia kama mwajiriwa wa juzi, na daftari la mahudhurio akamkabidhi Mikunjo, ambaye hakuliomba. Wale wanne walichanjwa wiki hiyo hiyo. Wawili hawakunisalimia kwa muda mrefu.

Mikunjo alichomwa nyingine baada ya mwezi, na ya mwisho baada ya miezi sita, na siku hiyo ya mwisho alitolewa pia damu ya kupima. Majibu yalitoka siku nne baadaye. Asubuhi hiyo bomba la maji lilipasuka mtaani kwetu, njia ikafungwa, nikafika kazini nimechelewa saa nzima. Nilimkuta mezani, karatasi ya majibu imekunjwa mfukoni pembe juu ya pembe. Aliniambia damu ni safi. Nilikaa kwenye robota la mashuka nikalia, na sikujali nani ananiona.

Nilipojifuta nikaenda kusaini daftari la mahudhurio. Mstari wangu ulikuwa mtupu.

"Hukuniwekea?" nilimuuliza. Malipo yangu ya nusu siku yalikuwa yameshakwenda.

"Sikukuwekea, dada."

Hakushusha macho. Nilimkasirikia mpaka saa sita mchana. Halafu tukakunja mashuka pamoja, yeye ncha ile, mimi ncha hii.