Maiti ya Baba wa Ninja

Mwaka 1986, kila Jumapili mchana, Hamidou aliwasha video uani kwake Mangarivotra, mjini Mahajanga, nami nikasimama kando ya televisheni kuwafasiria watu. Filamu zilisema Kifaransa. Mimi nilizigeuza Kimalagasi, na Kingazija kwa ajili ya wazee.

Ninja ndio tuliowapenda. Baba anauawa, mtoto anajifunga kitambaa cheusi usoni, kisha maadui wanadondoka kama maembe mabivu. Unataka nini tena?

Bibi Zaïnaba alitaka mazishi. Baba wa ninja alipochomwa upanga tu, akaniuliza, "Huyu anazikwa na nani?"

"Subiri, Bibi. Kijana anakwenda kulipiza kisasi."

"Kisasi kitasubiri. Maiti haisubiri. Nani kamwosha?"

Ninja akaruka juu ya paa. Bibi hakumtazama. "Na yule mzee bado yuko sakafuni?"

Vijana waliguna, nami nilichemka, lakini hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Mumewe aliuawa katika ghasia za mwaka sabini na sita, Wangazija walipouawa kwa mamia mjini humo, na kaburi lake hakuwahi kuonyeshwa.

Jumapili iliyofuata kanda ilikuwa ile ile. Baba alipoanguka, nikapaza sauti kabla mtu yeyote kwenye filamu hajafungua kinywa: "Majirani wakamchukua, wakamwosha, wakamswalia, wakamzika kabla ya magharibi."

Bibi Zaïnaba akajifuta macho kwa ncha ya leso yake, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu.

"Haya," akasema. "Sasa na awaue."