Gurudumu Lililopozwa kwa Haraka

Mashine ya kukoboa mpunga ilizunguka bila kukwaruza hata mara moja, na hapo ndipo Concilie alipoingiwa na shaka. Injinia huyu wa wizara ya viwanda alikuwa amekuja mtaa wa Buyenzi kupima gurudumu la meno ambalo fundi Massoudi alilisubu kwa kuyeyusha vyuma chakavu, kwa kuwa tangu nchi jirani ziiwekee Burundi vikwazo, vipuri vilikuwa adimu. Likifaulu, karakana ingepata mgao wa mazutu, yaani dizeli, ya kuwashia tanuri. Likishindwa, tanuri lingezimwa.

"Zima."

Akafuta grisi kwa kitambaa. Chini yake palikuwa na namba za kiwanda cha Ubelgiji.

"Massoudi, hili ni la Ulaya."

Massoudi alijikuna kidevu. "Madamu, we ni mugeni. Mugeni hatuwezi kumuonyesha kitu ya kuvunjika. Ile yetu ilitoka jino jana."

"Kwa hiyo nimekuja kupima Ubelgiji?"

"Na Ubelgiji imefaulu, Madamu!" alidakia Mohamadi, fundi mwenzake. "Andika tu!"

Concilie hakucheka. Aliomba lile lililovunjika, akaligeuza kwenye mwanga. Sehemu kubwa ya mvunjiko iling'aa, ila kwenye shina la jino palikuwa na mstari mweusi: ufa uliokuwapo kabla mashine haijawashwa.

"Mlilipoza vipi?"

"Tulilitoa mu muchanga lingali moto, tukalimwagia maji. Tungechelewa, askari wangetukuta mu njia usiku. Na tukiliacha peke yake, asubuhi hatulikuti."

"Basi chuma hakina kosa. Gurudumu lilipaswa kulala mchangani hadi asubuhi."

Akaandika: limeshindwa. Massoudi aliyasoma maandishi yale juu ya bega lake.

"Apana, Madamu. Umetuua."

Ofisini, mkurugenzi wake, Térence, aliisoma ripoti mara mbili.

"Unaomba mazutu kwa kitu kilichoshindwa? Serikali husaidia kinachofanya kazi, mama."

"Kinachofanya kazi kina wanunuzi, hakitungoji sisi. Hiki tunajua kilivunjika kwa nini, na nusu ya sababu ni yetu: amri ya kutotoka usiku ni ya serikali. Naomba pia kibali cha mlinzi kulala karakanani."

"Likivunjika tena?"

"Tutajua sababu ya pili."

"Unajua pipa hilo la mazutu litatoka wapi? Kwenye mafuta ya lori la kupeleka mbegu bonde la Imbo."

Concilie hakuwa ameuliza. Alilipima jambo hilo kama alivyopima chuma. Lori la mbegu lilikuwa na faida ya hakika, ya msimu mmoja. Gurudumu halikuwa na hakika yoyote. Lakini mpunga wa msimu huo ungehitaji kukobolewa, na mashine zilikuwa zikisimama moja baada ya nyingine kwa kukosa vipuri.

"Hata hivyo, naliomba," alisema.

Térence akasukuma kalamu upande wa pili wa meza. "Pipa moja, na kibali. Lakini chini liwe jina lako, si langu."

Concilie akatia saini.