Posa Mbili za Dereva Mpya

Tok. Kimya kidogo. Tok tena.

Adhana ya alfajiri bado haijalia. Bi Rukaiya alifumbua macho akadhani panya kaingia jikoni. Akajifunga kanga, akanyata mpaka mlangoni. Hakukuta panya. Alimkuta mjukuu wake Riyama amekaa juu ya kigoda, ameegemeza sinia magotini kama usukani, na kwa mkono wa kushoto anausukuma mwiko ndani ya ndoo tupu. Mbele, tok. Nyuma, tok.

"Umefika wapi?" aliuliza Bi Rukaiya.

Sinia nusura lianguke. "Bibi! Umenitisha. Nnapanda kilima."

"Unguja hii kuna kilima gani cha kutaka gia zote hizo? Haya, punguza mwendo, usije ukanigongea mtungi wangu."

Riyama alicheka, lakini hakuuwacha mwiko. Leseni ya magari makubwa alikuwa ameipata mwezi ule, na Bububu nzima ilikuwa na la kusema juu ya msichana wa kuendesha lori. Yeye maneno ya watu hayakumsumbua. Kilichomnyima usingizi ni kwamba kazi zilikuja mbili kwa pamoja, na jioni ya siku ile alitakiwa atoe jibu.

Ya kwanza ilikuwa ya Bwana Matar, mwenye matipa ya kubeba kifusi na mawe mpaka Bwejuu, kwenye mahoteli yanayojengwa. Yeye hulipa kwa tripu: dereva mwenye tripu nyingi huondoka na donge nono. Ya pili ilikuwa ya Bakar, mwenye ghala la unga karibu na bandari. Huyu hulipa mshahara wa mwezi, mdogo, tena miezi ya mwanzo dereva mgeni hukaa pembeni ya mzee Pandu, dereva wake wa siku nyingi, mpaka mzee mwenyewe aseme, haya, shika.

"Nikae pembeni kama abiria, na leseni nshapata!" alilalamika Riyama wakinywa chai. "Mimi nnakwenda kwa Bwana Matar."

"Nenda, lakini ngoja kwanza nikakuulizie."

"Bibi, hii ni ajira, si harusi."

"Utaamka alfajiri kwa ajili yake, utakwenda anakokutuma, na ukinuna atakuuliza una nini. Tafauti yake iko wapi?"

Bi Rukaiya hajawahi kushika usukani maishani mwake, lakini kazi ya kuulizia aliijua. Kwa miaka mingi, posa ikija kwa mtu, yeye ndiye aliyetumwa kwenda kumjua mposaji. Na kazi hiyo ina adabu zake. Hubishi hodi ukasema nimekuja kupeleleza. Unapita tu. Unakunywa unachopewa, unauliza kila kitu isipokuwa lile lililokuleta, na unatazama.

Kwa Bakar alikwishapita juzi. Alimwona akiwamiminia kahawa wapakiaji kabla hajajimiminia mwenyewe, kisha Bakar akamsogezea yeye kiti kivulini bila ya kumuuliza amefuata nini. Hilo Bi Rukaiya alilitia moyoni. Lakini tripu ni tripu, na Riyama hakutaka kusikia habari za kiti. Ilibaki nyumba moja.

Asubuhi ile akavaa buibui lake zuri, akajifukiza udi, akachukua sahani ya visheti, akaenda mjini mpaka Mkunazini, nyumbani kwa Bwana Matar.

Aliyemfungulia mlango ni Saadiya, mke wa Matar.

"Shikamoo, Bi Rukaiya."

"Marahaba, mwanangu. Nimepita tu."

Uso wa Saadiya ukabadilika. Nani mjini asiyemjua Bi Rukaiya, na asiyejua maana ya kupita kwake? Watoto wa Saadiya wote walikuwa wadogo, bado wanasoma. Mwanamme mkubwa ndani ya nyumba ile alikuwa mmoja tu. Lakini Bi Rukaiya, na akili zake zote, hilo hakulifikiria. Alikuwa kazini.

Alikaribishwa, akakaa, akapewa kahawa.

"Bwana hajambo?" alianza Bi Rukaiya.

"Hajambo. Kwani umesikia nini?"

"Nimesikia mema tu. Wanasema ana mkono wa kutoa."

"Kutoa!" Saadiya alicheka kicheko kikavu. "Bi Rukaiya, nsikufiche. Mume wangu anakoroma mpaka jirani wa pili anagonga ukuta."

Bi Rukaiya akaona hilo halimhusu dereva. "Na watu walio chini yake, huwaweka vipi?"

"Waulize madereva wake! Lori likienda, wanacheka pamoja. Lori likiharibika, dereva anakaa kitako kungojea spea, na hapewi hata ya chai. Mvua ya masika ikifunga njia, ndiyo basi, hakuna tripu, hakuna kitu. Tairi likipasuka, anamkata dereva pesa yake." Machozi yakaanza kumlenga. "Sasa anayewafanyia hivyo madereva, huyo mke mdogo atamfanyia nini?"

Bi Rukaiya akaweka kikombe chini. "Mke mdogo? Nani anaoa?"

"Si umekuja kumuulizia? Niambie basi ni binti wa nani!"

"Mungu wangu! Mjukuu wangu Riyama anataka kumwendeshea tipa!"

Saadiya alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Ole wangu! Na mimi nshamvua nguo mume wangu mbele ya mgeni!"

Bi Rukaiya naye alicheka, lakini alimshika mkono, akauona bado wa baridi. "Nisamehe, mwanangu. Nimekutia roho juu kwa adabu zangu za kizee." Akangoja mpaka mkono ule ukapata moto. "Sasa niambie. Katika uliyoyasema, lipi la hasira na lipi la kweli?"

Angeliweza Saadiya kuyafuta yote pale pale. Hakuyafuta. Alimimina kahawa nyengine, taratibu.

"La jirani kugonga ukuta nimelitia chumvi," alisema. "La madereva ni kweli. Matar si mtu mbaya, Bi Rukaiya. Lakini lori lake linataka dereva aliyekomaa, anayeweza kumwambia, leo gari hii haitoki. Mgeni wa kazi hawezi. Atatoka nayo."

Mara Bwana Matar mwenyewe akaingia. Alipomwona Bi Rukaiya na buibui lake na udi wake, alisimama kama aliyekanyaga msumari. "Saadiya, wallahi mimi sijamposa mtu!"

"Umeposa," alisema mkewe. "Dereva. Kaa, anataka kusema na wewe."

Bi Rukaiya akampigia Riyama, akamhadithia yote, la kukoroma akaliruka. Kisha akampa Matar simu.

"Bwana Matar," ilisikika sauti ya Riyama, "lori likilala, na mimi nalala njaa?"

Matar akamtazama mkewe. Mkewe akavitazama visheti.

"Mambo ya tripu ndivyo yalivyo, binti yangu," alisema mwishowe. "Nsikudanganye."

Ndani ya simu ikasikika tok moja. Bi Rukaiya alijua mjukuu wake yuko jikoni, na mwiko haupo mbali.

"Basi ntaanza kwa Bakar," alisema Riyama. "Ntakaa pembeni ya mzee Pandu. Nikishajua kusema gari hii haitoki, ntakuja kukusumbua."

"Utakaribishwa," alisema Matar, na alionekana kama aliyetuliwa mzigo. "Lakini siku hiyo njoo mwenyewe. Usinitumie bibi yako tena, nina moyo mmoja tu."

Saadiya alimsindikiza mgeni wake mpaka nje. Sahani ya visheti hakuirudisha tupu. Aliijaza halua, akaifunika kwa kitambaa safi. Pale barazani akamshika Bi Rukaiya bega.

"Uje tena, Bi Rukaiya. Uje wiki hii hii, na huyo Riyama nimwone. Ila safari hiyo, nakuomba, ukibisha hodi tu useme umekuja kwa ajili gani."